Bendera ya Ng'ambo ya Ufa

Kwa mwaka mzima kasoro wiki tatu, Verlin Tostrud alikuwa akiogopa ndoo. Ndoo yenyewe ya plastiki tu, nyeupe, imekaa pembeni ya gereji ya dada yake Ardis, imefunikwa na kuwekewa tofali juu. Ndani mlikuwa na mitego ya bendera ya kuvulia samaki, mali ya marehemu shemeji yake, Norval, kama wazimamoto walivyoiokota kwenye barafu ya ziwa siku ile ya Machi alipozama, wakairundika humo ovyo. Ardis hakuwahi kuifungua. Mara tatu Verlin alijitolea kumsafishia gereji, na mara zote tatu Ardis alimwambia kwamba gereji yake haijamlalamikia mtu.

Basi Jumamosi hiyo ya Februari simu ikalia, Verlin hata kahawa hajaimaliza.

"Umeamka?" Ardis hakuwa mtu wa salamu.

"Nimeamka. Kuna nini?"

"Njoo na keekee yako ya kutobolea barafu. Pitia na vidagaa dukani, mie sijui vinauzwaje. Nataka kwenda kutega wolai, hao samaki wenu."

Verlin akaweka kikombe chini. "Wewe dada? Miaka arobaini hukutaka hata kuikanyaga barafu."

"Ndiyo naikanyaga leo. Jumatatu yule mchonga mawe anataka jibu langu. Nataka nikakione kwanza hicho kilichomfanya mume wangu aniache."

Jibu lilikuwa la jiwe la kaburi. Huku kwetu mume akitangulia, jiwe huchongwa majina mawili, la mume na la mke, na la mke huachiwa nafasi ya tarehe. Hata wale walioishi wakirushiana sahani hulala chini ya jiwe moja. Ardis alikuwa amegoma. Anataka jiwe la mtu mmoja, na yeye mwenyewe azikwe upande wa pili wa makaburi, karibu na mama yake. Mchungaji alimsihi, akina mama wa kanisa walimletea keki na kumsihi, wapi! "Aliniahidi kwa mdomo wake kwamba Machi hatavuka ufa wa barafu," aliwaambia wote. "Akavuka kwa ajili ya samaki. Basi akalale na samaki wake."

Na Verlin ndiye pekee aliyejua kwamba mambo hayakuwa hivyo. Askari wa kaunti alipomuuliza, alisema alikuwa amekwenda dukani kununua chambo, na aliporudi hakumkuta shemeji yake, akakuta tundu jeusi tu ng'ambo ya ufa. Uongo mtupu! Alikuwa kwenye kibanda chao cha uvuvi juu ya barafu, amevua viatu, miguu kaielekeza kwenye jiko. Na mtego ambao Norval aliuendea kule ng'ambo haukuwa wa Norval. Ulikuwa wa Verlin, una jina lake na anwani yake kama sheria inavyotaka, na sasa umo ndani ya ile ndoo.

Alikuwa na faraja moja tu, nayo aliishikilia kwa kucha. Bendera ilipanda, na bendera hufyatuka samaki akivuta chambo. Samaki alikuwapo. Mvuvi yeyote wa huku akiona bendera imepanda hukimbia, awe mwenye mtego asiwe mwenye mtego, na Norval alikufa akimfuata samaki wa kweli. Verlin alijiambia hivyo kila alipojitazama kwenye kioo akinyoa ndevu, na siku nyingine ilisaidia.

Alipofika kwa Ardis alikuwa amepanga kuiwahi ndoo. Amechelewa. Ardis alikuwa ameshaipakia kwenye sleji ya kuburuzia mizigo pamoja na viti viwili, chupa ya kahawa na soseji ya kulungu iliyofungwa kwenye karatasi. Amevaa koti la marehemu, mikono imekunjwa mara mbili.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?" akamuuliza. "Unaumwa?"

"Baridi."

"Miaka sitini na tatu umekaa Wisconsin, leo ndiyo unaisikia baridi? Twende zetu."

Wakaendesha pikapu hadi juu ya barafu, wakifuata njia ya matairi iliyopita kati ya vibanda vya watu. Februari barafu ya ziwa lile ni nene futi mbili, unaweza kulipitisha lori. Ufa wenyewe ulikuwa pale pale unapotokea kila mwaka, toka kwenye rasi ya mawe hadi kisiwani, umeinuka kidogo kwa vipande vilivyosukumana. Upande wa huku barafu hukaa imara mpaka Aprili. Upande wa kule kijito huingia kwa chini, na jua la Machi likianza kung'ata, barafu yake huoza ndani huku juu inaonekana nzima. Kila mtoto wa pale anafundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Wakasimama hatua mia moja kabla ya ufa. Ardis alishuka, akautazama ufa, halafu akatazama ng'ambo kwa muda mrefu. Hakulia. Alipenga makamasi, akaitia leso mfukoni.

"Haya," akasema. "Nifundishe huo uchawi wenu."

Verlin akatoboa matundu manne kwa keekee, akaondoa vipande vya barafu kwa upawa wa matundu. Ardis akakaa kitini, akaondoa kifuniko cha ndoo.

Mtego wa kwanza ulikuwa wa Norval, mbao tupu, jina lake limeunguzwa kwa chuma cha moto. Wa pili wa Norval. Ardis alikuwa anaupekua taratibu, anaufumua mshipi uliojisokota, mara akacheka kicheko kifupi kilichomshtua Verlin.

"Tazama! Hiki kifungo si cha koti langu la bluu? Nilikitafuta nyumba nzima! Nikamsingizia paka!"

"Ndivyo alivyokuwa akitia alama ya kina," Verlin akasema. "Kila mtu hutumia kifungo. Unashusha chubwi mpaka chini kabisa, unapandisha futi moja, halafu unaweka kifungo kwenye mshipi pale unapotoka kwenye kigurudumu. Ukirudisha tena, unajua umefika."

"Kwa hiyo huyu bwana alikuwa anashusha vifungo vyangu ziwani miaka yote hii."

"Wolai hajali ni vifungo vya nani."

"Mimi ninajali," Ardis akasema, lakini alikisugua kile kifungo kwa kidole gumba kabla ya kukiachia. Wa tatu ulikuwa wa Norval pia. Halafu akaingiza mkono mara ya mwisho, akatoa mtego wa nne, msalaba wa mbao uliopakwa rangi ya kijani.

Verlin akawa amekodolea macho upawa.

"Verlin. Huu si wako?"

"Eeh. Wangu."

"Umefikaje humu?"

Na hapo ndipo angesema. Alikuwa na maneno yote, ameyabeba mwaka mzima. Akafungua mdomo, na Ardis, kwa hasira zake za siku zote, akamfungulia mlango wa kutorokea.

"Ameuchukua, sivyo? Wewe umekwenda dukani, yeye mitego yake mitatu haikumtosha, kachukua na wako kaupeleka ng'ambo! Hata kuomba hakuomba! Lo, Norval wewe!"

"Alikuwa... aliazima tu," Verlin akasema. "Mimi na yeye hatukuwa na changu na chako."

Sasa amempaka matope marehemu mara ya pili, na safari hii mtu hakumuuliza kwa kalamu na daftari mkononi, ni dada yake mwenyewe kavaa koti la mumewe.

Ardis akautupia ule mtego miguuni pake. "Tega na huo. Tuone kama una bahati kwa mwenyewe."

Basi wakatega. Verlin alimwonyesha namna msalaba unavyolala juu ya tundu na mguu wake kuzama, ili kigurudumu cha mshipi kikae majini kisigande. Akamfungia kipande cha uzi mwembamba usioonekana, kwa sababu wolai ana macho yale makubwa ya kioo na anaona mpaka dhambi zako. Ndoana ndogo ya ncha tatu, chubwi ndogo juu yake, na kidagaa anatobolewa nyuma ya pezi la mgongo, juujuu, asife, aendelee kuogelea. Ardis alikuwa mwepesi. Mikono iliyoshona miaka hamsini haikushindwa na kidagaa. Kisha akaupinda ule ukanda mwembamba wa chuma wenye bendera nyekundu, akaunasa kwenye kifyatuo bila kuambiwa.

"Nani kakufundisha hilo?" Verlin akauliza.

"Alikuwa anaitengeneza juu ya meza yangu ya kulia chakula, utafikiri nilikuwa kipofu? Upande huu wa kifyatuo una mfuo, unabana. Upande ule ni laini, unaachia upesi. Norval siku zote mfuo."

"Na siku zote nilimwambia anakosea. Wolai akihisi uzito anatema. Lazima kifyatuo kiwe chepesi."

"Na yeye akakwambia nini?"

Verlin alilijua jibu, wameligombania miaka thelathini. "Akasema kwenye upande laini nitakuwa navua upepo."

Ardis akacheka tena, akaenda kutega wa pili.

Verlin akapiga goti kwenye tundu lake, akaanza kukunjua mshipi wa ule wa kijani. Ulikuwa umezungushwa haraka haraka na mtu mwenye glovu. Ukatoka, ukatoka, mpaka mwisho wake, na mwisho wake palikuwa na ndoana, na kwenye ndoana palikuwa na kidagaa.

Amekauka, mwembamba, amegeuka rangi ya kahawia. Lakini mzima. Kichwa kipo, mkia upo, tumbo halina hata alama ya jino. Ndoana iko pale pale nyuma ya pezi alipoitia Verlin mwenyewe asubuhi ile. Na wolai meno yake ni sindano, akishika kidagaa hakiachi hivyo.

Hakukuwa na samaki.

Verlin akakaa chini kwenye barafu kama mtu aliyesukumwa. Alikumbuka upepo wa mchana ule. Alikuwa ameusikia ukivuma kwenye bomba la jiko, na bado aliuacha mtego upande laini, kwa kiburi tu, ili amwonyeshe Norval nani anajua kuvua. Bendera ikapanda. Upepo mtupu! Mtu mzima na akili zake, mume wa dada yake, kaufuata upepo mpaka majini.

"Umeanguka?" Ardis akaita kutoka kwenye tundu lake.

"Goti."

"Hilo goti lako! Kunywa kahawa."

Akaking'oa kile kidagaa, akakitia mfuko wa shati. Hakujua kwa nini hakukitupa. Akaweka kingine kilicho hai, akashusha mshipi, akapinda bendera, na vidole vyake, ambavyo havikuwa vikimsikiliza, vikafanya vilivyozoea. Akainuka, akaenda kukaa kitini karibu na dada yake.

Walikula soseji. Ardis aliongea kidogo kuhusu paa linalovuja, halafu akaongea kuhusu Norval, kwanza kwa kumtukana, kisha matukano yakaisha njiani akawa anahadithia tu: alivyokuwa anaimba kanisani bila kujua mashairi, alivyomletea wolai wa kwanza siku ya uchumba akiwa amemfunga kwenye gazeti, baba yao akasema kwa huyu angalau hutakufa njaa. Verlin alitikisa kichwa penye kutikisa. Kile kidagaa kilikuwa kinamchoma kifuani ingawa hakikuwa na uzito wowote.

Baada ya saa sita mchana upepo ukaamka. Ulishuka kutoka kaskazini ukiburuza theluji chini chini, na Verlin akaona ule ukanda wa chuma wa mtego wa kijani ukitetemeka. Kabla hajanyanyuka, bendera ikaruka juu.

"Bendera!" Ardis akapiga kelele. "Verlin, bendera!"

Na akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na sita, koti la mume linapepea magotini, kakimbia akicheka kama msichana, amesahau jiwe, amesahau mchungaji, amesahau yote. Verlin alisimama. Aliuona mgongo wa lile koti ukienda mbali naye kuielekea bendera yake, na sauti ikamtoka bila kuiruhusu.

"Norval! Rudi!"

Upepo ukaichukua. Ardis hakusikia. Alikuwa ameshapiga magoti, amevua glovu, anavuta mshipi mkono kwa mkono kama alivyofundishwa. Verlin alipomfikia, kidagaa kilikuwa kinaning'inia hewani kinarukaruka, kizima.

"Hakuna kitu," Ardis akasema, uso umeanguka. Akakigusa kifyatuo, akakitazama. "Wewe nawe! Upande laini, na upepo huu? Si ndiyo yale yale aliyokwambia? Ungenivunja mguu bure kwa..."

Akautazama uso wa mdogo wake.

Verlin akaingiza vidole mfukoni, akakitoa kile kidagaa kikavu, akakiweka kwenye kiganja cha dada yake.

"Kilikuwa kwenye ndoana ya mtego huu," akasema. "Tangu siku ile. Norval hakuazima, Ardis. Niliutega mimi ng'ambo. Asubuhi barafu ilikuwa imekaza kwa baridi ya usiku, nikavuka, nikarudi. Yeye alinigombeza."

"Ulikuwa dukani," Ardis akasema.

"Sikuwa dukani. Nilikuwa kibandani nimevua viatu. Mchana bendera ikapanda, nikaiona dirishani. Nikamwambia aende yeye, goti linaniuma. Akasema hapana. Akasema, nimemwahidi Ardis sivuki."

Kidagaa kilikuwa bado kiganjani mwa Ardis, upepo unataka kukichukua, na yeye akakifumbata.

"Nikamcheka. Nikamuuliza katika nyumba yenu nani anavaa suruali. Nikasema wolai mkubwa hivyo atatema, na lawama ni zake." Verlin alikuwa analia sasa, machozi yanaganda kwenye ndevu. "Akavaa kofia. Pale mlangoni akacheka, akaniambia, usimwambie Ardis. Basi. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Alipotumbukia nilikimbia na soksi mpaka kwenye ufa, nikarusha kamba. Haikufika. Sikuvuka, dada. Niliogopa. Nilisimama pale nikamtazama mpaka..."

"Nyamaza."

Verlin akajifuta ndevu kwa glovu.

"Mwaka mzima," Ardis akasema polepole. "Mwaka mzima nimemtukana. Nimekwenda kaburini kwake siku ya kuzaliwa kwake nikamtukana. Unakula kwangu kila Jumapili, unanisikia, unaomba uongezewe viazi."

"Mwenyewe alisema nisikwambie."

Hilo alilisema kwa sababu lilikuwa limebaki, na likishatoka akatamani angelimeza.

"Alimaanisha nisije nikamnunia jioni, Verlin," Ardis akasema. "Alidhani atarudi kula."

Akasimama. Akaenda kwenye tundu la kwanza la Norval, akatoa mtego, akakitoa kidagaa na kukirudisha majini, akazungusha mshipi vizuri, kifungo cha bluu juu. Akafanya hivyo kwa wa pili, na wa tatu. Verlin alitaka kumsaidia, akanyoosha mkono, na Ardis akampita kana kwamba pale hapana mtu. Akaipanga mitego mitatu ndani ya ndoo. Wa kijani hakuugusa.

"Jiwe litachongwa majina mawili," akasema akifunga kifuniko. "Nitampigia yule mtu leo leo, sitangoja Jumatatu."

"Ndiyo, dada."

"Na Jumapili usije."

"Jumapili hii?"

Ardis akaichukua kamba ya sleji, akaipitisha begani. Pikapu ilikuwa ya Verlin, na Ardis hakuikaribia, akashika njia ya matairi kwa miguu kuelekea ufukweni, kilomita mbili nzima, ameinamia upepo, na lile koti kubwa likampunguza, likampunguza, mpaka vibanda vya watu vikamficha.

Verlin alibaki amekaa kando ya tundu. Hakujua ni muda gani. Kidagaa alichokuwa amekivuta Ardis kilikuwa kimeganda juu ya barafu, kwa hiyo akaweka kingine, akashusha, akapinda bendera, bila kufikiri kabisa. Akarudi kitini. Kahawa ilikuwa imeondoka na sleji.

Upepo ukavuma, bendera ikapanda. Nyekundu, inapigapiga, na ziwa zima hapana wa kupiga kelele wala wa kukimbia. Verlin aliitazama. Alijua chini yake hakuna kitu. Akainuka, goti likamuuma, akaenda kuiangalia mwenyewe.